Landrova Isiyofungwa Kamba

Pale Kibaoni, ukimuuliza mtoto kwa Wendelin ni wapi, hakunyooshei kidole. Atakwambia nyamaza kwanza usikilize. Kama ni asubuhi utasikia injini inakohoa mara tatu, inanyamaza kama mtu aliyesahau alichotaka kusema, halafu inakubali. Hapo ndipo kwa Wendelin.

Gari lenyewe lilikuwa Landrova ya zamani, ile iitwayo mia na tisa, la kijani kilichopauka, nyuma limefunikwa turubai. Baba yake alilinunua likiwa bovu, akafa likiwa bovu. Wendelin ndiye aliyelifufua. Ilimchukua miaka miwili, anafungua na kufunga, mpaka vidole vikabaki na weusi ambao hata sabuni ya kipande ilishindwa kuutoa. Hakuwa na nyumba ya kusifiwa wala ndugu wa kumtetea. Hata kanisani alikaa benchi za nyuma. Ila Landrova ikipita, watu waligeuka, naye alijua wamegeuka, ingawa alijifanya anaangalia barabara.

Mtoto alikuwa naye mmoja tu, Devota. Mkewe, Brigitha, alipoteza wawili kabla yake, na baada yake hakushika mimba tena. Kwa hiyo Devota alipoolewa na Lukelo, kijana anayefanya kazi kwenye mashamba ya miwa kule Kidatu, na habari ikaja kwamba ana mimba, Wendelin aliosha gari siku hiyo bila sababu. Kwa mila ya kwao mtoto wa kwanza huzaliwa nyumbani kwa bibi mzaa mama, na Devota angerudi kujifungua. Mwaka mzima ule Wendelin hakuwa akingoja jambo lingine. Alingoja mjukuu.

Sasa, ukitaka kumjua Wendelin sharti umjue na Masanja.

Masanja alikuwa Msukuma, amefika bonde hili la mpunga na ng'ombe za baba yake akiwa kijana. Baadaye akauza baadhi akanunua Land Cruiser, ile ngumu ambayo watu huiita mkonge, nyeupe, yenye muungurumo mzito. Wote wawili walibeba mpunga na abiria kutoka mashambani, njia ya Mlimba, na wote walikunywa chai kwenye banda la Aneth, karibu na duka la spea. Hapo ndipo ubishi ulipokuwa ukipikwa kila asubuhi pamoja na maandazi.

"Baba Devota," Masanja angeanza kabla hata hajakaa, "hilo gari lako limekojoa tena pale. Nimeona mafuta toka kanisani mpaka hapa."

"Linakuwekea alama, baba Kija," Wendelin angejibu. "Ukipotea ulifuate."

"Mkonge ukiumwa, spea napata hata kwa muuza nyanya. Wewe hafshafti ya gurudumu ikikatika mpaka uandike barua Ulaya, ikirudi wajukuu wako wana mvi!"

"Angalau mimi nitawaachia bodi. Hii ni alumini, haijui kutu. Hiyo yako misimu miwili tu utakuwa unaendesha usukani na viti."

Vijana wa bodaboda walicheka mpaka chai ikawapalia. Mmoja wao, Anselim, ndiye aliyekuwa mchochezi. Akiona wamepoa anauliza kwa sauti, "Hivi wazee, kwenye tope nani mbabe?" Na moto unawaka upya.

Kutokana na ubishi huo ilizaliwa sheria. Waliitunga wenyewe mbele ya Aneth na vijana wote. Mmoja akikwama masika na mwingine akimkuta, aliyefika atapiga honi tatu. Hatashuka wala hatavuta. Atangoja aliyekwama achukue kamba kwa mkono wake, aifunge kwenye gari lake mwenyewe, maana kufunga kamba ni kukiri. Asipoifunga, mwenzake anapita zake. Na akivutwa, Jumapili inayofuata ataliosha gari lililomvuta pale pale mbele ya banda la chai, watu wakiangalia.

Masanja alivutwa mwaka wa tatu wa sheria hiyo. Alizama hadi milangoni, akafunga kamba huku anacheka, na Jumapili akaja amekunja suruali, akaiosha Landrova mpaka chini ya matairi. Anselim alimwaga maji, vijana wakaimba. Alipomaliza alimpa Wendelin mkono uliojaa povu, akaagiza chai ya watu wote. Ajabu ni kwamba watu walimpenda zaidi kuanzia siku hiyo.

Wendelin hakuliona hilo. Yeye aliona jingine: miaka tisa, masika tisa, Landrova yake haijafungwa kamba. Ilikuja kuwa jina. Hata wageni waliambiwa, "Unaiona ile? Ile ndiyo haijafungwa kamba." Akisikia hivyo anashika usukani kwa mkono mmoja.

Devota alirudi mwezi wa tatu, tumbo limeshuka, uso umejaa. Wendelin aling'oa benchi moja la nyuma kwenye gari, akatandika godoro, akashona upya turubai mahali lilipokuwa limechanika. Siku ile kwenye chai Masanja alimwambia, "Nkoi," ndivyo Wasukuma wanavyoitana marafiki, "binti akishikwa uchungu nipigie mimi. Kwenye mkonge atafika hajatikisika."

"Mjukuu wangu hawezi kuingia duniani kwa Toyota," alisema Wendelin, na banda zima likaangua kicheko. Masanja naye alicheka.

Mwezi wa nne mpunga ulikuwa unatia maziwa, na ndege walishuka kama mchanga uliorushwa. Brigitha alihamia kwenye kibanda cha shamba kuamia ndege. Devota alitakiwa kubaki Kibaoni karibu na hospitali, ila aliogopa kulala nyumba tupu, na kadi ya kliniki ilionyesha bado wiki tatu. Akamfuata mama yake. Wendelin ndiye aliyempeleka. Kutoka shambani hadi barabara kubwa ni mwendo wa saa moja wakati wa kiangazi. Wakati wa masika hakuna anayetaja saa. Pikipiki zilikuwa zimeshindwa wiki nzima, na simu kule ilishika mtandao mahali pamoja tu, juu ya kichuguu, tena kukiwa hakuna wingu.

Uchungu ulianza Jumanne alfajiri. Bahati ilikuwa Wendelin alilala kule usiku huo, alikuwa amewapelekea unga. Brigitha alimwamsha kwa kumgusa bega. "Baba Devota, washa gari." Kisha, kwa kuwa alimwona mumewe anatafuta funguo zilizokuwa mkononi, akaongeza, "Usiogope. Mimba ya kwanza haina haraka."

Neno hilo alilitia moyoni. Baadaye alilikumbuka sana.

Walimlaza Devota kwenye godoro, mama yake akakaa kichwani kwake. Mvua ilikuwa imekatika lakini mbuga ilikuwa nyeusi na inang'aa. Landrova iliondoka vizuri. Wendelin aliendesha kwa masikio kama kawaida yake, gia ya pili, haongezi wala hapunguzi. Mabonde mawili waliyapita. Kwenye bonde la tatu, lile lenye mfereji uliochimbwa na matrekta, gurudumu la kushoto nyuma likatafuta ardhi na lisiipate. Gari likaegama, likakaa.

Alishuka. Tope lilikuwa limefika kwenye ekseli. Hakushtuka, kwa sababu alishatoka kwenye mabaya zaidi ya hapo. Alimwambia Brigitha, "Nenda kwenye vile vibanda kule mbele, waombe majembe na magogo. Mimi naanza kuchimba." Brigitha akamwangalia binti yake, akamfunika vizuri, akaenda anavuta miguu topeni. Vibanda vilikuwa mbali, vinaonekana kama kuku walioinama.

Wendelin alichimba. Nyuma ya turubai Devota hakulia. Binti aliyelelewa vizuri hapigi kelele za uchungu baba yake akiwa anasikia. Alikuwa ameuma pindo la kanga. Kila mara Wendelin aliposimama kupumua alisikia pumzi zake, na mara moja akauliza, "Unaendeleaje, mama?"

"Niko salama, baba."

Ndipo uliposikika muungurumo. Mkonge ulikuja kutoka nyuma, umebeba magunia ya mpunga wa zamani, tope limeupaka hadi kwenye vioo. Masanja alisimama penye ardhi ngumu, hatua chache kutoka pale. Akapiga honi tatu.

Aliinamisha kichwa dirishani, meno yote nje. "Baba Devota! Leo ndiyo leo! Masika yako tisa yameisha au hayajaisha?"

"Hayajaisha."

"Kamba ninayo mpya kabisa. Nimeinunua kwa ajili yako."

"Mfungie ng'ombe wako."

Masanja alicheka akagonga mlango kwa kiganja. Halafu, maana hakuwa mtu mbaya, aliangalia gari lilivyolala, akabadilika kidogo. "Umezama lakini, nkoi. Umebeba nini humo?"

Hapo Wendelin angeweza kusema. Neno lilikuwa moja tu. Kama angelisema, Masanja angeshuka na kuifunga kamba mwenyewe, sheria au si sheria, na ndani ya dakika tano wote wangekuwa upande wa pili. Wendelin alilijua hilo, na ndilo alilolikataa. Alijiona amekunja suruali mbele ya banda la Aneth. Akamsikia Anselim. Akapiga hesabu kwamba hili shimo ni la dakika ishirini, na mimba ya kwanza haina haraka.

"Sijabeba kitu," alisema. "Gari tupu. Wewe pita."

"Nipite kweli?"

"Pita, nitakukuta Kibaoni unakunywa chai."

Masanja akapiga honi moja ya kwaheri. Mkonge ukazunguka shimo, ukakamata ardhi, ukapanda, ukaenda. Ukimya uliporudi, Wendelin aligeuka akaona mahali turubai lilipofungwa pamefunguliwa kidogo, upana wa jicho. Kisha pakafungwa.

Hazikuwa dakika ishirini. Brigitha alirudi na wanaume watatu wenye majembe, wakachimba, wakapanga magogo, gari likapanda likateleza likarudi. Brigitha aliingia nyuma na hakutoka tena. Mara akaanza kuita kwa sauti ambayo Wendelin hajawahi kuisikia kwa mkewe, hakuwa anaita mtu, anaita tu. Jua lilikuwa juu ya vichwa Landrova ilipotoka. Ilitoka yenyewe, bila kamba. Mmoja wa wale wanaume, kwa mazoea, akapiga makofi, halafu akaona haya.

Hospitalini waliwapokea mbio. Wendelin alikaa kwenye benchi la nje, tope limekauka miguuni likaanza kupasuka. Muuguzi alipotoka hakumwambia moja kwa moja. Alimuuliza kwanza, "Mzee, mlitoka huko saa ngapi?" Wendelin akataja alfajiri. Muuguzi akaangalia saa ya ukutani, akaangalia chini. "Mama yake tumemwokoa," akasema. "Mtoto alichoka njiani. Alikuwa wa kiume."

Walimzika siku ya pili, wanawake wachache, na Lukelo aliyefika asubuhi kwa basi na nguo zake za kazi. Kabla kaburi halijafukiwa, Lukelo alifunua kitambaa akamtazama mwanawe muda mrefu. "Ana masikio yangu," alisema, kama mtu anayezungumza peke yake. Kisha akamgeukia baba mkwe wake, akamshika mikono miwili, akasema, "Ahsante, baba, kwa kuhangaika." Habari ya mkonge hakuambiwa. Likizo yake ilikuwa ya siku tatu. Akarudi kwenye miwa, Devota akabaki apate nguvu.

Habari haina mguu lakini hutembea. Wale wanaume watatu wa majembe walikuwa wameuona mkonge ukipita. Wiki haijaisha, pale kwenye chai, Anselim alimsimamia Masanja kichwani.

"Mzee, shikamoo."

"Marahaba."

"Ni kweli ulimpita mama mjamzito kwenye tope? Kwa ajili ya ubishi wa magari?"

Aneth akashika birika hewani. Masanja alimwangalia Wendelin, aliyekuwa amekaa upande wa pili wa meza, anakoroga chai ambayo hakuitia sukari. Aliendelea kukoroga. Kijiko kiligonga kikombe, kikagonga. Masanja alisubiri, mpaka ikaonekana kwamba hakuna kitakachokuja.

"Nilipita," alisema. "Ni kweli." Akaweka kikombe, akatoka. Nyuma yake mtu akasonya.

Tangu siku hiyo hakuonekana tena pale. Abiria walianza kumkwepa. Akina mama wakipishana na mkonge waligeuza uso. Wendelin alijiambia kwamba ataongea Jumatatu. Jumatatu ikapita. Akajiambia msiba bado mbichi, watu watasahau, na Masanja ana moyo mkubwa, hata kuosha gari aliosha akicheka. Mtu akitaka sababu hazikosi.

Siku moja Aneth alikuja nyumbani kumpa Devota pole, na uji wa ulezi kwenye chupa. Wendelin alikuwa uani, nyuma ya ukuta, ameinama kwenye injini.

"Mungu atamlipa yule Msukuma," Aneth alisema. "Ana moyo wa jiwe. Kukuacha pale!"

Devota alikunywa uji taratibu. Kisha akasema kwa sauti ile ile ya kuomba chumvi, "Usimlaani, shangazi. Yeye hakujua. Aliuliza gari limebeba nini, akajibiwa halijabeba kitu."

"Akajibiwa na nani?"

Devota akafunika chupa ya uji. Nyuma ya ukuta spana ilianguka chini. Aneth akaaga.

Kesho yake Wendelin alitembea kwa miguu mpaka banda la chai. Alisimama, hakukaa. Alisema yote, kuanzia honi hadi "wewe pita". Aliyasema vibaya, maneno yanakwama, anarudia. Alipomaliza alitegemea watamtukana, na alitaka watukane. Hawakutukana. Anselim, mdomo wa moto yule, aliangalia viatu vyake. Mzee mmoja akasema, "Basi, yameshatokea," na mwingine akaanza kuuliza bei ya mbolea.

Kutoka pale alikwenda kwa Masanja, nje ya mji, penye zizi. Masanja alikuwa anamfunga ndama. Hakushangaa kumwona.

"Nimewaambia," alisema Wendelin.

"Karibu ukae."

"Wewe ulijua lini?"

"Siku ile ile. Niliposikia umefika hospitali na binti, nikahesabu."

"Mbona hukusema? Watu wamekutukana mwezi mzima."

Masanja alikaza fundo la ndama, akalijaribu. "Ulikuwa umefiwa," alisema. "Mtu aliyefiwa utamwongezea nini?" Alimwita mtoto wake Kija alete maziwa mgando. Yaliletwa kwenye kikombe kikubwa, mazito, yenye malai. Wendelin aliyashika kwa mikono miwili. Hakuyanywa. Masanja akajifanya hakuona, akamsimulia habari za ng'ombe mpaka jua likapungua, na habari za magari hawakuzigusa, siku hiyo wala siku nyingine.

Mwezi wa sita Devota alikuwa amepata nguvu za kurudi kwa mumewe. Wendelin alisafisha gari tangu alfajiri, akatia mafuta ya kufika Kidatu na kurudi. Njia ya kule ilikuwa kavu na nzuri. Alimkuta binti yake mlangoni, begi miguuni, kanga ya kusafiria kifuani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Gari lipo tayari. Nitakupeleka taratibu."

"Nitapanda basi, baba."

"Basi linajaza. Utasimama mpaka nusu ya njia."

"Nitasimama."

Alisema kwa heshima, akiwa ameinamisha macho kama alivyofundishwa, bila sauti ya mtu mwenye hasira. Wendelin angejua la kufanya na hasira. "Mwanangu," alianza, "mimi siku ile niliona ni jambo la dakika..." Devota alipiga goti kidogo kumuaga, akachukua begi kabla halijachukuliwa, akatangulia. Brigitha akamfuata kumsindikiza stendi.

Brigitha alirudi jua limepanda. Alivua kandambili, akakaa kwenye kizingiti bila kuingia ndani.

"Kapata kiti?" aliuliza Wendelin.

"Amepata, mama mmoja alimpakata mtoto wake akampisha."

"Amesema atakuja lini?"

Brigitha alipangusa vumbi miguuni kwa kiganja, mguu mmoja, kisha wa pili. "Nilimwambia alivyonifundisha mama yangu. Mtoto asiyelia akizaliwa hahesabiwi. Nikamwambia, mwanangu, wa kwanza bado hajaja, akija utarudi kwetu, ndiyo mila."

"Enhe?"

"Akasema, 'Mama, mimi nimemhesabu. Wengine nitawazalia kwa mama mkwe.'"

Kuku aliingia kwa mlango wa uani, akazunguka, akatoka. Wendelin alibaki amesimama. Brigitha akasogea kidogo pale kizingitini, kumpa nafasi, na baada ya muda Wendelin akakaa.